Steringi Sita na Mtafsiri Mmoja

Supa wote wa Illasit, wa Kimana na wa Loitokitok mjini. Supa watu wa Rombo zote mbili, ya huku kwetu na ya ng'ambo. Wazee wetu wa Tarakea, shikamooni. Na nyinyi wa Kitengela na Kajiado mnaotusikia mkiwa kwenye matatu, mwombeni dereva aongeze sauti kidogo, tuko pamoja.

Leo tuzungumze sinema. Na tuzungumze filamu moja hasa, The Avengers, ile ya mwaka 2012. Namsikia kijana mmoja akiguna: ah, hiyo si ya zamani? Ni ya zamani, ndiyo. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanavunja sauti. Lakini sina nia ya kukusimulia filamu uliyoiona mara ngapi sijui. Nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka ulizoee: filamu ile ilifikaje hapa Illasit, na ilipofika, ilikuwa imebaki na nini?

Tuanze na kibanda cha video. Aliyewahi kukaa kwenye lile benchi la mbao, magoti yamegusa mgongo wa aliye mbele, anajua sheria za mle ndani. Kabla picha haijaanza lazima mtu mmoja aulize: steringi ni nani? Akishaoneshwa, anatulia. Kwa nini anatulia? Kwa sababu steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, ndugu yake atatekwa, lakini dakika za mwisho atainuka na adui mkubwa ataanguka. Tulilelewa hivyo na akina Rambo, na Commando, na Wachina wa kung fu. Mtu mmoja dhidi ya jeshi zima. Huna haja ya kujua Kiingereza kuelewa mtu mmoja dhidi ya jeshi.

Sasa inaletwa hii. Mtoto anauliza, steringi ni nani? Anaambiwa, wako sita. Sita? Ndiyo, sita! Kuna tajiri aliyevaa chuma. Kuna wa ngao. Kuna wa nyundo. Kuna daktari mpole ambaye akikasirika anageuka jitu la kijani. Kuna mwanamke mpelelezi. Kuna wa upinde na mishale, na huyu masikini nusu ya filamu yuko upande wa adui bila hiari yake. Zaidi ya hapo, kabla hawajapigana na adui wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Wa chuma anamvaa wa nyundo msituni usiku, wa ngao anakuja kuamua ugomvi naye anapigwa. Benchi zima limechanganyikiwa. Tumshangilie nani?

Ni hapo ndipo panapovutia, msikilizaji. Filamu ya shujaa mmoja inajitosheleza. Filamu ya kuzaliwa kwa kundi la mashujaa haijitoshelezi hata kidogo, inadai uje na ulichokiona nyuma. Kampuni ya Marvel ilitumia miaka minne kuwaandaa watu wake. Iron Man na The Incredible Hulk zikatoka 2008. Iron Man ya pili ikatoka 2010. Thor na Captain America zikafuata 2011. Filamu tano, kila moja ikiacha kamba inaning'inia, halafu mwaka 2012 mwongozaji Joss Whedon akakabidhiwa kamba zote azifunge fundo moja. Aliyeingia sinema Mei ile kule Marekani alikuwa ameshafanya kazi yake ya nyumbani. Alijua kwamba Loki, adui wa filamu hii, ana kisasi na nduguye Thor, yule wa nyundo, kwa sababu aligundua ukubwani kwamba alikuwa mtoto wa kuokotwa, tena wa kabila la maadui. Alijua kwamba Captain America, yule wa ngao, alilala kwenye barafu karibu miaka 70, ndiyo maana anatembea mjini kama babu aliyeteremka Nairobi mara ya kwanza. Alijua ule mchemraba wa samawati unaogombewa ulitoka wapi.

Mambo haya yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu. Kitabu cha kwanza cha picha cha Avengers, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, kina tarehe ya Septemba 1963. Miezi mitatu baadaye Kenya ikapata Uhuru. Na hata humo kitabuni, aliyewakusanya mashujaa bila kukusudia alikuwa huyo huyo Loki na fitina zake. Captain America hakuwamo siku ya kwanza, aliingia toleo la nne, mwaka uliofuata. Lakini hilo ni la wapenzi wa vitabu, tuliache.

Turudi kwenye swali letu. Filamu ilifikaje Illasit?

Haikufika kwa jumba la sinema. Majumba ya sinema yako Nairobi, na kutoka hapa mpakani mpaka Nairobi, ukipitia Kimana na Emali, ni zaidi ya kilomita 200. Nani atauza mbuzi apande gari kwenda kuona picha ya saa mbili na dakika ishirini na tatu, alale huko, arudi? Wa Kitengela mnaweza. Sisi tulingoja ije nyumbani.

Na kuja nyumbani kuna njia mbili, ya kampuni na ya mtaa. Nitaeleza zote mbili, kwa sababu zinachekesha zikiwekwa pamoja.

Ya kampuni: Septemba 25, 2012, sahani za filamu ile zilianza kuuzwa Marekani. Ndani yake kulikuwa na nyongeza nyingi tu. Sehemu zilizokatwa, mwongozaji akieleza alivyopiga picha, na hata filamu fupi ya pembeni. Kiswahili hakikuwamo. Na wakubwa wa filamu walikuwa wameshaigawa dunia kwa namba ili sahani ya huku isicheze kule. Sehemu kubwa ya Afrika tuliwekwa namba 5, pamoja na India na Urusi. Deki zetu za bei nafuu hazikupata taarifa hiyo. Zilicheza kila zilichopewa.

Siku hiyo hiyo kampuni ilikuwa imepanga kuuza sanduku maalumu lenye filamu zote sita, yaani zile tano za maandalizi na hii ya kundi, ili mtu akae sebuleni aone safari nzima kwa mpangilio. Wazo zuri sana. Wakatengeneza mfano wa mkoba wa rangi ya fedha unaoonekana kwenye filamu. Kumbe mkoba ule ulifanana mno na mikoba ya kampuni ya Kijerumani, Rimowa, na Rimowa ikaenda mahakamani. Sanduku likasimamishwa. Likatoka Aprili 2013, na mkoba wa sura nyingine.

Sasa ya mtaa. Wakati mawakili wanabishana kuhusu mkoba, kijana wa kuchoma DVD alikuwa ameshazitia filamu zote kwenye sahani moja na kuiuza shilingi 50. Hakungoja hukumu. Picha ilikuwa imebanwa mpaka jitu la kijani likikimbia linavunjika vipande vya mraba, na jalada lilikuwa na sura za watu wasiokuwamo kabisa. Lakini zote zilikuwamo. Tatizo likawa mpangilio. Mwenye kibanda haanzi na ya kwanza, anaanza na inayojaza benchi. Basi wengi wetu tuliona kundi likikusanyika kabla hatujamwona hata mmoja wao akizaliwa. Tukaja kumwona Hulk wa mwaka 2008 baadaye, tukashangaa: mbona daktari amebadilika uso? Ni kweli alibadilika. Wa kwanza alikuwa Edward Norton, wa kundi ni Mark Ruffalo. Pale kibandani kulikuwa na mzee mmoja aliyeshikilia kwamba dawa ndiyo iliyombadilisha, na hakuna aliyemweza.

Kwa hiyo filamu ilifika bila kichwa. Na mkia je?

Mkia nao ulikatwa. Sikiliza vizuri hapa. Majina yakianza kupanda kwenye skrini, mwenye kibanda anafanya nini? Anazima. Wa zamu inayofuata wako mlangoni, jenereta inakunywa mafuta, hakuna wa kukaa kusoma majina ya mafundi wa taa. Lakini Marvel walikuwa wameficha vitu baada ya majina. Kuna sehemu ambapo anaoneshwa adui mkubwa aliyekuwa nyuma ya Loki, yule Thanos ambaye filamu zilizofuata zimejengwa juu yake. Halafu mwisho kabisa kuna mashujaa wote sita wamekaa kwenye kijiduka kilichobomolewa, wamechoka hawasemi neno, wanakula shawarma.

Na ile ya shawarma ina kisa chake. Iliigizwa Aprili 2012, filamu ikiwa imeshazinduliwa, ikawahi kuunganishwa kwenye nakala za majumba ya Marekani tu. Watu wa nchi nyingine waliotangulia kuitazama hawakuiona sinema. Waliipata sahani ilipokuja nyumbani. Yaani toleo la nyumbani lilikuwa na kipande ambacho jumba la sinema la London halikuwa nacho! Nasi hapa Illasit tulikuwa nacho mkononi, kwenye sahani ya shilingi 50, na kila siku mwenye kibanda anakizima kabla hakijafika. Hata leo niko tayari kubishana na yeyote: kile kipande ndicho kinachoonesha kwamba wale sita wamekuwa kundi. Hakuna hotuba. Wanakula tu. Aliyekula na wewe kimya baada ya kazi ngumu, huyo ni mwenzako.

Tupumzike kidogo na tujumlishe tulipofika. Filamu imefika bila kichwa, bila mkia, bila Kiswahili, bila mpangilio. Na bado, msikilizaji, kila mtoto wa Illasit wa miaka ile anaijua. Anaijua vizuri kuliko baadhi ya waliolipa sinema. Imewezekanaje?

Kwa sababu kulikuwa na mtu katikati. Namzungumzia mtafsiri.

Kazi hii haikuanza jana. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, mliomjua kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili vibandani, kisha sauti yake ikaingia kwenye kanda na kusambaa kote. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, ameichunguza kazi ya watu hawa, na makala yake mojawapo ameipa jina la kugeuza wali kuwa pilau. Sijapata maelezo yanayoipita hiyo. Mchele ni wa mwenyewe, viungo ni vyako. Hapa Kenya nani asiyemjua DJ Afro? Uganda wana ma-VJ wao. Na Tanzania leo wako akina DJ Mack na DJ Murphy, ambao flashi zao zinavuka hapo Tarakea kila siku kama ndizi na maharage.

Na sisi wa mpakani tuna bahati ambayo mtu wa Nairobi hana, wala wa Dar. Filamu moja tunaipata mara mbili, kwa Kiswahili cha pande mbili. Chukua ile sehemu ya msituni, Thor na Iron Man wanapokutana. Mtafsiri wa upande wetu atakwambia kwa kasi: huyu msee wa nyundo ametoka ocha yao kule juu mawinguni, hajui huyu mwingine ni sonko, ana mabawa ya chuma, na leo kutaumana! Wa upande wa pili atakwenda polepole, kwa mbwembwe: mwamba katua, kashika nyundo ya urithi, tajiri naye hataki kudharauliwa mbele za watu, ee bwana ee. Mapigano ni yale yale. Lakini wa kwanza amekupa ugomvi wa stendi ya matatu, wa pili amekupa ugomvi wa watu wenye heshima zao. Nimeona vijana hapa wakishindana kuhusu ipi bora kama wanavyoshindana kuhusu timu za mpira, tena mshindi habadiliki: ni yule uliyemsikia kwanza.

Sasa niwape sehemu moja tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichague mada hii.

Mnamkumbuka Coulson? Yule mtumishi wa serikali mwenye suti, mpole, hana nguvu zozote, lakini anampenda Captain America tangu utotoni. Ana kadi za zamani zenye picha za Captain, anazitunza kama yai, na ana aibu ya kumwomba azitie sahihi. Loki anamchoma mkuki, Coulson anakufa. Mashujaa wakati huo wametawanyika, hawasikilizani. Anakuja mkuu wao, Nick Fury, anaingia chumbani walipokaa Captain na tajiri, anatupa mezani kadi zile. Zimelowa damu. Anawaambia zilikuwa mfukoni mwa marehemu. Tajiri anainuka anaondoka na uchungu wake, na tangu hapo kundi linaanza kuungana.

Asiyejua Kiingereza ameelewa? Ameelewa, kabisa. Ameona damu, ameona kadi, ameona nyuso. Kundi limeungana kwa msiba. Ni jambo tunalolijua: watu waliokuwa hawasemezani wanakutana matangani, wanamaliza.

Lakini kuna maneno machache yanayosemwa baada ya hapo, kwa sauti ya chini. Msaidizi wa Fury anamwambia bosi wake kwamba zile kadi zilikuwa kwenye kabati la Coulson. Hazikuwa mfukoni. Fury hakatai. Ina maana gani? Ina maana alikwenda mwenyewe kabatini, akazichukua, akazipaka damu ya marehemu, akawaletea, kwa sababu alijua pasipo kitu cha kuwasukuma hawataungana. Kundi kubwa kuliko yote duniani limezaliwa kwa uongo wa mkubwa mmoja!

Mnaona tofauti? Bila lugha, ni filamu ya msiba. Ukiwa na lugha, ni filamu ya msiba na siasa, na unaanza kujiuliza kama Fury ni mtu mwema. Mtafsiri mvivu atapita hapo na mzaha wake, ataongelea jicho la Fury lililofunikwa kitambaa, na sentensi ile itapotea. Mtafsiri anayejua kazi atanyamaza kidogo, atasubiri, kisha atasema: umesikia hiyo? Amewadanganya. Kadi alizitoa kabatini. Nimewahi kusikia mtafsiri akisema hivyo, na chumba kizima, kilichokuwa kinapiga kelele, kikatulia. Kisha mama mmoja aliyekuja kumfuata mwanawe mlangoni akauliza: sasa kama ni uongo, mbona anawapeleka kufa? Nami nikasema moyoni, mama, hilo ndilo swali la filamu nzima, na hukukaa hata dakika kumi.

Basi jibu la swali langu ndilo hilo. Filamu ilipofika ilikuwa imebaki na kile mtafsiri alichoweza kuirudishia. Kichwa aliirudishia yeye: huyu wa ngao alilala barafuni, huyu na huyu ni ndugu wa kulelewa, ule mchemraba ulianguka baharini. Alisimulia filamu tano kwa pumzi moja wakati mashujaa wanatembea tu kwenye korido. Toleo la nyumbani la kampuni lilikuwa na maelezo ya mwongozaji, toleo letu lilikuwa na maelezo ya mtu aliyejua sisi hatukuona nini. Nathubutu kusema la pili lilikuwa na kazi nzito zaidi.

Ngoja, msinielewe vibaya. Watafsiri si malaika. Wapo wanaotukana bila sababu. Wapo wanaotafuta kicheko kwa kabila la mtu, jambo ambalo katika mji kama wetu, Wamaasai, Wachaga, Wakamba na Wakikuyu kwenye benchi moja, si mchezo. Na mara nyingi wanamkosea Black Widow, yule mwanamke wa kundi. Filamu yenyewe inampa mambo makubwa. Ndiye anayemzunguka Loki kwa maneno mpaka Loki, mungu wa hila, anaufichua mpango wake. Na mwishoni ndiye anayelifunga lile tundu la angani linalomwaga maadui. Lakini umesikia mara ngapi mtafsiri akiongelea mavazi yake tangu mwanzo hadi mwisho? Binti zetu wako pale wanasikiliza. Ningewaomba akina DJ, kwa heshima, wamsikilize yule dada anachosema kabla hawajafungua mdomo.

Kuna na suala la sheria, siwezi kulikwepa nikiwa hewani. Kuchoma filamu ya mtu na kuiuza ni kosa. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya inadai leseni kwa anayeonesha na anayeuza, na hakimiliki ina wenyewe. Ninayasema hayo bila kupepesa. Lakini niulize pia: kama mwenye mali hakukuletea duka, hakukuletea lugha yako, na bei ya sahani yake halisi ilikuwa chakula cha juma zima, alitegemea uipateje? Swali hilo halihalalishi wizi. Linaonesha tu kwamba kulikuwa na soko lililokuwa linangoja Kiswahili, na aliyeliona ni kijana mwenye maikrofoni ya bei rahisi.

Inaweza kufanywa kwa njia ya haki? Inaweza, na mfano uko karibu. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliwood walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa fedha ambazo Marvel wangezitumia kununulia chai. DVD zao waliziuza mkono kwa mkono, waigizaji wenyewe wakitembea nyumba hadi nyumba. Filamu hiyo tunayo leo ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anatania, anashangilia, anamsifu kila anayeanguka. Na ilipofikia hatua ya kutolewa kwa sahani rasmi Marekani, na watunza filamu wa huko, sauti ya VJ haikufutwa. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya filamu. Mmarekani amekaa sebuleni kwake anamsikiliza msimuliaji wa Kampala! Nabwana na VJ walikuwa upande mmoja tangu mwanzo, hakuna aliyemwibia mwenziwe. Ndiyo tofauti.

Sasa leo mambo yamehama. Sahani zimekwisha, hata deki ukiiona imefunikwa kitambaa. Kijana anakuja na flashi anasema, niwekee ile mpya, yenye DJ. Asiye na flashi anajaziwa kwenye kadi ya simu. Na makundi ya mashujaa yamezaliwa hata Afrika. Malenga Mulendema wa Zambia alibuni Supa Team 4, wasichana wanne wa Lusaka wanaokusanywa na jasusi mstaafu, Mama K, ikaanza kuoneshwa Netflix Julai 2023. Kabla yake, mwaka 2021, Super Sema ilianza YouTube, binti na pacha wake dhidi ya mtawala wa roboti, na Lupita Nyong'o wetu akiwa mmoja wa waliosimama nyuma yake. Ya YouTube mtoto wa hapa anaweza kuibahatisha akiazima simu ya mama yake wakati mtandao uko sawa. Ya Netflix inataka kulipia kila mwezi, na haina sahani ya kupitisha mkononi. Nimewauliza vijana wawili watatu wa madukani hapa stendi kama wamewahi kuombwa ile ya wasichana wa Lusaka. Mmoja aliniambia, lete nakala, nitampa DJ wa upande wa pili aitie maneno, wiki moja tu utasikia mji mzima unaiimba. Nikamkumbusha habari ya leseni. Akacheka, akachomeka flashi ya mteja.

Basi, muda unanikaba. Mwenye maoni kuhusu ipi kali zaidi, ya DJ wa huku au ya DJ wa kule, atume ujumbe, tutausoma Jumamosi ijayo saa kama hii, na tafadhali msitukanane. Na kama una kibanda cha video, nakuomba kitu kimoja leo jioni: majina yakianza kupanda, usizime kwanza. Mimi mwenzenu naaga. Taarifa ya habari inafuata.